Kukadiria Umeme wa Upepo Milimani: Ulinganisho wa Njia za Kupima kwa Nyanda za Juu Kusini

Mwenye shamba la chai Mufindi, hospitali ya misheni Makete, chama cha ushirika Njombe na kampuni inayotaka kuiuzia TANESCO umeme wana swali moja linalotangulia mengine yote: mtambo wa upepo ukisimamishwa kwenye mlima huu, utatoa uniti ngapi kwa mwaka? Njia za kulijibu ni kadhaa, nazo hutofautiana kwa gharama, kwa muda na kwa kiasi cha kuaminika. Nimeandika ulinganisho huu kwa sababu nyingi kati ya njia hizo zilikuzwa kwenye nchi tambarare au yenye vilima vya upole, na zikipandishwa kama zilivyo hadi Kipengere au kwenye kingo za Udzungwa hutoa majibu yenye sura ya uhakika ambayo mlima hauyaungi mkono. Deni la mtambo hulipwa kwa miaka mingi, kwa hiyo kosa la hesabu ya mwanzo nalo hulipwa kwa miaka hiyohiyo.

Kwa kuwa mfano wa nyumbani tayari upo, tuanze nao. Mufindi kuna mitambo mitatu ya upepo ya mradi wa Mwenga, yenye jumla ya megawati 2.4, iliyojengwa na kampuni iliyokwisha kuendesha mtambo wa maji wa megawati 4 katika wilaya hiyohiyo. Mantiki yake inaeleweka kwa kila aliyeishi Nyanda za Juu: kiangazi kikikolea mto hupungua, na katika miezi hiyohiyo upepo wa kusini-mashariki hupata nguvu. Megawati 2.4 zikizalishwa bila kukoma kwa saa 8,760 za mwaka zingetoa megawati-saa 21,024 (kila megawati-saa ni uniti 1,000), kiasi ambacho hakuna upepo duniani unaoweza kukitoa. Kila asilimia 10 ya kiasi hicho ni takriban megawati-saa 2,100. Kwa hiyo anayekadiria asilimia 35 mahali panapotoa asilimia 25 amejihesabia megawati-saa 2,100 ambazo hatazipata mwaka wowote wa kawaida.

Kwanza: wastani au mgawanyo wa kasi?

Uamuzi wa kwanza ni namna ya kuhesabu, hata kabla ya kuchagua kifaa. Njia ya mkato huchukua wastani wa kasi ya upepo, au asilimia ya uzalishaji iliyosikika kutoka mradi mwingine, na kuizidisha kwa ukubwa wa mtambo. Njia kamili hutafuta ni saa ngapi kwa mwaka upepo huvuma kwa kila kasi, kisha huzidisha saa hizo na jedwali la nguvu linalotolewa na mtengenezaji, linaloonyesha mtambo hutoa nguvu kiasi gani kwa kila kasi.

Nguvu iliyomo ndani ya upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake, na hapo ndipo wastani unapodanganya. Chukua mahali pawili: pa kwanza upepo huvuma mita 6 kwa sekunde wakati wote, pa pili huvuma mita 3 nusu ya wakati na mita 9 nusu nyingine. Wastani wa pote pawili ni mita 6, lakini kipeo cha tatu cha 6 ni 216, ilhali wastani wa vipeo vya 3 na 9 ni 378, yaani asilimia 75 zaidi. Milimani, ambako usiku na mchana, kipupwe na masika, huwa na tabia tofauti kabisa, hali hii ya pili ndiyo ya kawaida. Njia ya mkato inafaa kwa mazungumzo ya awali tu; anayeitumia kuombea mkopo anajenga juu ya mchanga.

Jedwali lenyewe nalo lina mtego wake. Majedwali mengi huandaliwa kwa hewa ya usawa wa bahari, yenye uzito wa kilo 1.225 kwa mita moja ya ujazo. Makambako, kwenye kimo cha takriban mita 1,700, uzito huo hushuka hadi karibu kilo 1.0, na kwenye kimo cha mita 2,600 cha uwanda wa Kitulo hubaki takriban kilo 0.9. Kwa kasi ileile ya upepo, mtambo wa Makambako hupokea karibu moja ya tano pungufu ya nguvu ambayo ungeipokea ufukweni. Hata hivyo hasara ya mwaka mzima haifiki moja ya tano kwa mitambo ya kisasa inayogeuza mapanga yake, kwa sababu upepo unapokuwa mkali mtambo hufikia nguvu yake ya juu hata kwa hewa nyepesi, ila tu hufika kwa kasi kubwa zaidi. Mtengenezaji aombwe jedwali la uzito wa hewa wa mahali husika; akikataa kulitoa, ninaona ni sababu ya kutosha ya kutafuta mwingine.

Ramani za bure dhidi ya kituo cha hali ya hewa

Kwa asiye na fedha ya kupima, njia mbili za bei nafuu hushindana. Moja ni ramani ya upepo ya dunia iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, inayoonyesha makadirio ya kasi kwa kila mraba wa mita 250, kwenye vimo kadhaa juu ya ardhi. Nyingine ni kumbukumbu za kituo cha karibu cha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Kituo kina sifa moja ambayo ramani haina: kimepima. Lakini vituo vya hali ya hewa hupima upepo kwenye kimo cha mita 10, na vingi viko pale ambapo watu na ndege wanavihitaji, si pale upepo ulipo. Kiwanja cha ndege cha Songwe, kwa mfano, kiko bondeni, chini sana kuliko safu ya milima ya Mbeya. Bonde lina upepo wake: mchana jua huamsha hewa ipande miteremko, na usiku hewa baridi hushuka na kutulia. Kwenye mgongo wa mlima mambo mara nyingi huwa kinyume, upepo ukizidi nguvu usiku. Kuchukua vipimo vya bondeni na kuvipandisha kwa hesabu hadi kileleni ni kupandisha tabia ya mahali pengine.

Hata pale kituo kilipo karibu, hesabu ya kutoka mita 10 hadi kimo cha kitovu cha mtambo, pale mapanga yanapozungukia, ina hatari ambayo mifano ya vitabuni huificha. Kanuni inayotumika sana huchukua kipeo cha karibu 0.14 kueleza jinsi kasi inavyoongezeka kwenda juu. Mita 5 kwa sekunde zilizopimwa kwenye mita 10 huwa takriban 6.7 kwenye mita 80 kwa kipeo hicho. Juu ya mgongo wa mlima ulio wazi, ambako upepo tayari umebanwa na kuharakishwa karibu na ardhi, kipeo kinaweza kuwa 0.05, na jibu likawa 5.5. Karibu na miti kinaweza kufika 0.25, na jibu likawa 8.4. Kati ya 5.5 na 8.4, nguvu ya upepo hutofautiana kwa zaidi ya mara tatu, na yote yametokana na kipimo kilekile cha chini.

Ramani, kwa upande wake, hufika kila mahali na hueleza vizuri ni safu gani ya milima yenye matumaini kuliko nyingine. Udhaifu wake ni kwamba hatua yake ya mwisho, ile ya kushusha makadirio hadi mraba wa mita 250, hufanywa kwa modeli ya aina ambayo, kama nitakavyoeleza, huyumba kwenye miteremko mikali. Na mita 250 kwenye kingo za Mufindi zinaweza kuanzia shamba la chai na kuishia katikati ya genge. Kati ya hizo mbili ninaichagua ramani, kwa kazi moja tu ya kuamua ni milima ipi ipimwe. Kumbukumbu za kituo zihifadhiwe kwa kazi nyingine itakayokuja baadaye.

Mnara wa vipimo dhidi ya lidari

Hapa ndipo fedha halisi inapoanza kutumika, na ndipo ninapowaomba wasomaji watulie. Mnara wa vipimo ni nguzo ndefu ya chuma iliyofungwa kwa nyaya, yenye anemomita za vikombe (vipima kasi ya upepo) kwenye vimo kadhaa, vipima mwelekeo, kipimajoto na kipimo cha kanieneo ya hewa. Lidari ni kisanduku kinachowekwa chini na kurusha miali ya leza juu. Kwa kusoma mwanga unaorudishwa na chembe zilizomo hewani, hukadiria kasi ya upepo kuanzia takriban mita 40 hadi 200.

Kwa usafiri lidari inashinda kwa mbali. Anayeijua barabara ya Chimala kwenda Matamba na kona zake 57 anaelewa tofauti ya kupandisha kisanduku kimoja kwenye pikapu na kupandisha vipande vya mnara, nyaya, nanga na mafundi wa kupanda juu. Lidari haihitaji kibali cha kimo kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, haivutii radi kama nguzo iliyosimama kileleni wakati wa masika, na inaweza kuhamishwa kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine. Pia hufika vimo vya ncha za mapanga ambavyo mnara haufiki.

Lakini ina kasoro inayojitokeza milimani hasa. Miali yake hupanda kwa umbo la koni iliyogeuzwa, ncha ikiwa chini, kwa hiyo kwenye mita 100 inasoma hewa ya sehemu kadhaa zilizo mbalimbali, kisha inaziunganisha kwa kudhani kwamba upepo wa sehemu hizo ni mmoja. Tambarare dhana hiyo ni sahihi. Juu ya mgongo wa mlima, upepo huwa unapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, na kisanduku hutafsiri mkunjo huo kama upungufu wa kasi. Makosa ya asilimia kadhaa hutokea, na kwenye maeneo magumu yanaweza kukaribia asilimia 10. Kuinua kimo cha kupimia hakuyaondoi, kwa kuwa koni hiyo nayo hupanuka kadiri inavyopanda. Yanaweza kurekebishwa kwa modeli ya kompyuta, lakini hapo kipimo kimeanza kuitegemea hesabu ambayo kilikusudiwa kuihakiki.

Ukungu nao ni jambo la kwetu. Kingo za Mufindi zinazotazama bonde la Kilombero hufunikwa na mawingu ya chini kwa siku nyingi, na ukungu mzito humeza miali kabla haijafika juu. Data zinazopotea hazipotei kwa bahati nasibu. Zinapotea katika hali maalumu ya hewa, na wastani wa zilizobaki huegemea upande mmoja. Umeme wa kuiendesha kileleni nao unahitaji paneli nyingi za jua na mlinzi wa kuzilinda, wakati mnara huridhika na paneli ndogo. Sodari, inayotumia sauti badala ya mwanga, hutumia umeme mdogo zaidi, ila mvua kubwa huivuruga na mwangwi wa miti huichanganya. Kwa misitu ya Sao Hill sioni sababu ya kuifikiria.

Kwa mlima wenye miteremko mikali ninashauri mnara uwe msingi, wenye kimo kisichopungua theluthi mbili ya kimo cha kitovu cha mtambo unaokusudiwa, ukiwa na anemomita mbili kileleni zilizosahihishwa maabara na kuelekezwa pande tofauti ili kivuli cha nguzo kisizifunike zote kwa pamoja. Lidari ije kama msaidizi: iwekwe kwanza kando ya mnara kwa wiki kadhaa ili tofauti yake ijulikane, kisha izungushwe kwenye sehemu ambazo mitambo mingine itasimama. Anayepanga mtambo mmoja tu haihitaji. Anayepanga kumi au ishirini kwenye mgongo wa kilomita kadhaa atajuta kuikosa, kwa sababu milimani mnara mmoja hauwezi kuusemea mlima mzima.

Miezi mitatu au mwaka mzima?

Sina la kujadili sana hapa. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili au Mei, na kiangazi kirefu cha upepo wa kusini-mashariki. Anayepima Agosti hadi Oktoba atafurahi bila sababu, na anayepima Januari hadi Machi atakata tamaa bila sababu. Mwaka mmoja kamili ni kima cha chini.

Mwaka mmoja nao unaweza kuwa wa upepo mwingi au mchache kuliko kawaida, na ndipo kumbukumbu za muda mrefu zinapopata kazi yake. Vipimo vya mnara hulinganishwa na data za hali ya hewa zilizojengwa upya kwa kompyuta, kama ERA5 ya Ulaya yenye miraba ya takriban kilomita 31 au MERRA-2 ya Marekani inayoanzia mwaka 1980, ili kuona mwaka uliopimwa ulikaa wapi kati ya miongo iliyopita. Data hizo hazijui kama kuna genge au kilele ndani ya mraba wao, kwa hiyo kasi yake isichukuliwe kama ilivyo. Kinachoaminika ni kupanda na kushuka kwake mwaka kwa mwaka. Kituo cha TMA chenye kumbukumbu ndefu zisizokatika, ambacho hakijahamishwa wala kuzungukwa na majengo mapya, kitumike pamoja nazo.

Modeli nyepesi dhidi ya modeli nzito

Baada ya mnara kutoa vipimo, lazima vihamishwe hadi mahali kila mtambo utakaposimama. Modeli ya WAsP, iliyotengenezwa Denmark miaka ya 1980, hufanya kazi hiyo kwa hesabu nyepesi inayokimbia kwenye kompyuta ya kawaida. Modeli nzito hutatua mwendo wa hewa kwa pande zote tatu, huchukua saa au siku, na huhitaji mtaalamu anayeelewa anachokiingiza.

Modeli nyepesi hudhani kwamba upepo huufuata mlima bila kuuachia. Dhana hiyo hushika hadi mteremko wa takriban nyuzi 17. Zaidi ya hapo, hewa upande wa nyuma hushindwa kufuata ardhi, hujitenga na kuzungukazunguka, na modeli isiyoliona hilo hukadiria kasi kubwa kuliko ilivyo. Jaribio la kilima cha Askervein huko Uskoti, mwaka 1982 na 1983, lilionyesha sura zote mbili: juu ya kilima cha mita 116 tu, kasi kwenye mita 10 ilikuwa karibu asilimia 80 zaidi ya ile ya mbele ya kilima, na upande wa nyuma ikashuka vibaya. Ikiwa kilima kidogo na laini kama hicho kinafanya hivyo, kingo zetu zenye kimo cha mamia ya mita zinastahili heshima zaidi.

Mwelekeo wa ukingo kwa upepo mkuu una uzito hapa kuliko ukubwa wake. Kingo za Mufindi huupokea upepo wa kusini-mashariki uso kwa uso. Ukingo wa juu ya Chimala unatazama kaskazini, kuelekea bonde la Usangu, kwa hiyo kwa upepo huohuo mara nyingi huwa upande wa nyuma. Mtu anaweza kusimama pale, akauona uwazi ule wote mbele yake, akadhani amepata mahali bora, wakati hewa inayomfikia imekwisha kuvurugwa. Msukosuko wa aina hiyo hupunguza umeme na pia huchosha mapanga na gia. Viwango vya kimataifa vya mitambo huruhusu upepo unaoinama hadi nyuzi 8 tu.

Kuna kipimo rahisi cha kuamua modeli ipi itumike: hesabu ni sehemu gani ya ardhi, ndani ya kilomita 3.5 kuzunguka mnara, yenye mteremko mkali kuliko kiwango nilichotaja, kisha rudia hesabu kuzunguka kila mtambo. Asilimia zikikaribiana, makosa ya modeli nyepesi hufutana kwa kiasi kikubwa na hakuna haja ya gharama zaidi. Zikitofautiana sana, ama modeli nzito itumike, ama mnara wa pili usimamishwe. Nikiwa na fedha ya kimoja tu, ninachagua mnara wa pili, kwa kuwa modeli nzito nayo hutofautiana kati ya mtaalamu na mtaalamu hata wanapopewa mlima mmoja.

Miti inahitaji neno lake. Majani ya chai hayasumbui, lakini misonobari na mikaratusi hukua, huvunwa na kupandwa upya ndani ya uhai wa mtambo, na modeli zote mbili hutumia picha ya siku moja. Msitu mnene huinua usawa wa ardhi anaouona upepo kwa takriban theluthi mbili ya kimo cha miti. Mwenye mtambo jirani na shamba la miti aombe ratiba ya uvunaji na afanye hesabu mara mbili, miti ikiwa mirefu na ikiwa imekatwa.

Kinachotazamwa na benki

Baada ya kutoa hasara za kivuli cha mtambo kwa mtambo (mtambo wa mbele kumpunguzia upepo wa nyuma), matengenezo, nyaya na saa ambazo njia ya kilovolti 33 inazimika, hubaki kadirio la kati, lenye nafasi sawa ya kuvukwa au kutofikiwa. Mkopeshaji hutazama zaidi kadirio lenye uwezekano wa asilimia 90 wa kuvukwa. Tuseme kadirio la kati ni megawati-saa 10,000. Kwa mashaka ya asilimia 15, ambayo si ajabu pale mnara ni mfupi au uko mbali, kadirio la mkopeshaji huwa karibu 8,080. Kwa mashaka ya asilimia 8, huwa karibu 8,980. Tofauti ya megawati-saa 900 kila mwaka imetokana na ubora wa vipimo tu, upepo ukiwa uleule, na kwa mradi wa ukubwa huo ndiyo hoja ninayoiona nzito kuliko zote ya kugharamia mnara mrefu.

Kwa hospitali au shule inayotaka mtambo mdogo wa kilowati chache, gharama ya mnara mrefu inaweza kuwa kubwa kuliko mtambo wenyewe. Huko inatosha nguzo ya kimo cha mtambo uleule, anemomita moja nzuri na kinasa data kwa mwaka mzima, mahali hasa patakapotumika. Upepo ukionekana hafifu, paneli za jua ziwekwe, na nguzo ihamishiwe kwa jirani.

Kwa miradi mikubwa, mnara usishushwe baada ya mitambo kuanza kazi. Mitambo hubeba anemomita nyuma ya mapanga, lakini inapima hewa iliyokwisha kupita kwenye mapanga hayo, na usomaji wake hautoshi kumthibitishia mtengenezaji kwamba jedwali lake halikutimia. Kwenye ardhi ya milima kipimo rasmi cha nguvu hudai mnara ulio mbele ya mtambo kwa umbali wa mara mbili hadi nne za kipenyo cha mapanga, na mnara wa pili usimame kwa muda mahali pa mtambo kabla haujajengwa, ili uhusiano wa upepo wa sehemu hizo mbili ujulikane. Hatua hiyo ya pili haiwezi kufanywa tena mtambo ukishasimama, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba wa ununuzi tangu mwanzo.